Banarasidas wa Jaunpur: Maisha ya Mfanyabiashara Mdogo katika Miji ya Dola ya Wamughal (1586–1643)

1.0 Utangulizi

Historia ya biashara katika India ya karne ya 16 na 17 kwa kawaida huandikwa kwa kufuata nyayo za wakubwa: wafalme waliotoza ushuru, makampuni ya Kizungu yaliyojenga maghala pwani, na matajiri wachache waliomudu kuwakopesha wote hao. Mfanyabiashara wa kadiri, aliyetembea na bidhaa zake juu ya mkokoteni na ambaye hasara moja ilitosha kumfilisi, huonekana kwa nadra sana katika maandishi ya zama hizo. Hakuwa na mwandishi wa kumsifu, na madaftari yake ya hesabu yaliliwa na mchwa.

Banarasidas ni tofauti na hao. Alizaliwa Jaunpur mwaka wa 1586, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Agra, na mwaka wa 1641 akaandika habari za maisha yake mwenyewe kwa mashairi katika lugha ya Braj. Kitabu hicho, Ardhakathanaka, huhesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza katika fasihi ya Kihindi. Ndani yake hamna vita alivyoshinda wala cheo alichopewa. Mna madeni, safari, ubia uliovunjika, maradhi na vifo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili maisha hayo si ya mbali kama yanavyoonekana. Maneno kama bepari, hundi, sonara na dobi yaliingia katika Kiswahili kutoka lugha za India kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na yote yanataja shughuli ambazo Banarasidas alizikuta kila siku katika masoko ya Jaunpur na Agra. Aidha, fasihi ya Kiswahili nayo ina tawasifu ya kale ya mfanyabiashara, yaani Maisha ya Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Hata hivyo Tippu Tip alisimulia jinsi alivyopata mali na mamlaka. Banarasidas alisimulia zaidi jinsi alivyopoteza, na ni katika kupoteza huko ndiko kunakoonekana wazi kitu kilichoiwezesha biashara ya miji hiyo kusimama, yaani kuaminiana.

2.0 Asili Yake na Mji wa Jaunpur

Banarasidas alitoka katika jamii ya Shrimal, miongoni mwa Wajaini wa kaskazini ya India. Dini ya Kijaini inakataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai, na wafuasi wake wengi walijipatia riziki kwa biashara, ukopeshaji wa fedha na utunzaji wa hesabu. Babu yake, Muldas, alisoma Kihindi na Kiajemi, akawa msimamizi wa mahitaji ya ofisa mmoja wa Kimughal huko Narwar katika nchi ya Malwa. Muldas alipofariki mwaka wa 1556, ofisa huyo alitwaa mali yote. Mjane na mwanawe wa miaka mitano, Kharagsen, waliondoka mikono mitupu, wakaenda Jaunpur kwa wazazi wa mwanamke huyo.

Jaunpur ulikuwa mji wenye historia. Ulijengwa na Sultani Firoz Shah Tughluq mwaka wa 1359 kando ya mto Gomti, na baadaye ukawa makao ya masultani wa Sharqi. Banarasidas alipouelezea katika kitabu chake hakuishia kwenye majumba na masultani. Aliorodhesha makundi 36 ya watu wa kazi waliokaa humo: masonara na wahunzi, wafinyanzi na waashi, maseremala na wakata mawe, washoni na watia rangi, wafumaji wa hariri na wapiga pamba, wakamua mafuta, watengeneza karatasi, watengeneza vioo, watengeneza fataki, watoboa lulu, waezeka mapaa, vinyozi, madobi, wauza tambuu na wengineo. Orodha hiyo ni ushahidi muhimu kwa mwanahistoria wa miji, kwani inaonyesha jinsi kazi zilivyogawanyika. Lulu moja ilipita mikononi mwa mtoboaji, msuka nyuzi, sonara na dalali kabla ya kumfikia mnunuzi.

Babu mzaa mama wa Kharagsen alikuwa mfanyabiashara wa vito. Kharagsen alifundishwa kupima sarafu, kutambua vito halisi na vya bandia, na kuandika hesabu. Katika ujana wake alikwenda Bengal wakati wa utawala wa Sulaiman Karrani, akawa mtunza fedha wa serikali chini ya mkubwa mmoja wa jamii ya Shrimal. Mkubwa huyo alipofariki ghafula, Kharagsen alikimbia kwa kuhofia yaliyompata baba yake. Tangu hapo aliachana na utumishi wa watawala, akashika biashara ya vito.

Mtoto wake wa kiume alipozaliwa aliitwa Vikramajit. Wazazi walimpeleka Banaras kuzuru hekalu la Parshvanath, mmoja wa walimu wakuu wa Kijaini, na huko kuhani akashauri kwamba mtoto apewe jina la mji huo. Ndivyo alivyokuja kuitwa Banarasidas.

3.0 Liwali na Wauza Vito

Akiwa na umri wa miaka 8 Banarasidas alipelekwa kwa mwalimu Mbrahimini kujifunza kusoma na kuandika. Masomo hayo yalidumu mwaka mmoja, kisha akaanza kufundishwa kazi ya ukoo. Alipokuwa na miaka 11 aliozwa binti wa Khairabad. Mwaka wa 1597 kulikuwa na njaa kubwa, na mwaka uliofuata ulileta balaa la aina nyingine.

Liwali wa Jaunpur wakati huo, Qilij Khan, aliwataka wauza vito wampatie kitu ambacho hawakuwa nacho. Waliposhindwa aliwafunga wote, na kesho yake akaamuru wapigwe mijeledi. Walipoachiliwa walikuwa karibu kufa. Usiku ule kila mmoja alichukua familia yake na kukimbia upande wake. Kharagsen na watu wake walinyeshewa mvua njiani hadi wakafika Shahzadpur, ambako mfanyabiashara mmoja aitwaye Karamchand aliwaachia nyumba yake yenye vyombo na akiba ya chakula.

Tukio hilo linafunua jambo la msingi kuhusu miji ya zama hizo. Biashara ya vito ilitegemea wakubwa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na fedha za kununua yakuti na zumaridi. Lakini mnunuzi mwenye jeshi hakulazimika kulipa. Mfanyabiashara hakuwa na mahakama ya kukimbilia wala ngome ya kujificha. Kinga yake ilikuwa wepesi wa mali yake, ambayo ilifungika katika kitambaa, na wingi wa jamaa na marafiki waliotawanyika katika miji mingine.

Katika kipindi hicho cha ukimbizi Banarasidas alifanya biashara yake ya kwanza. Alinunua na kuuza kauri, zilizotumika kama fedha ndogo za soko, akapata faida kidogo na kumpelekea bibi yake. Bibi alifurahi, akanunua vitamu na kuvigawa kwa shukrani. Kila mtu nyumbani aliamini kwamba mtoto huyo angekuwa bepari hodari.

4.0 Ujana na Mashaka

Matumaini hayo hayakutimia upesi. Kuanzia umri wa miaka 14 Banarasidas alizama katika mambo mawili, elimu na mapenzi. Alisoma kamusi, sarufi, kanuni za ushairi na unajimu kwa pandit mmoja, na wakati huohuo aliiba vito vya baba yake ili ampelekee mpenzi wake tambuu na vitamu. Alitunga shairi refu la mapenzi lenye beti zipatazo 1,000. Alipokwenda Khairabad kumchukua mkewe alishikwa na ugonjwa mbaya uliomjaza vidonda mwili mzima. Watu walimkwepa kwa sababu ya harufu. Mkewe na mama mkwe ndio waliomhudumia, na kinyozi mmoja ndiye aliyemponya kwa dawa zake.

Kadhalika alidanganywa na mtawa mmoja wa kutangatanga aliyempa maneno ya siri ya kukariri chooni kwa mwaka mzima, kwa ahadi kwamba baada ya hapo angeokota sarafu ya dhahabu mlangoni kila siku. Alikariri mwaka mzima. Siku ilipotimia alitazama mlangoni, asione kitu. Banarasidas aliyaandika hayo yote bila kujitetea, ingawa wakati huo alikuwa mzee mwenye heshima.

Mwezi Oktoba 1605 mfalme Akbar alifariki Agra. Habari zilipofika Jaunpur mji ulishikwa na hofu. Maduka yalifungwa, matajiri walizika vito na fedha ardhini, wanaume walinunua silaha, na watu wenye uwezo walivaa nguo duni ili wasitambulikane. Mfalme alikuwa amekufa, na hakuna aliyejua kama amri ya kulinda mali ingeendelea kuwapo. Banarasidas alikuwa ameketi ngazini aliposikia habari hizo. Alizimia, akaanguka na kupasuka kichwa. Hofu ya mji ilidumu siku kumi, hadi barua ilipowasili kutoka Agra ikieleza kwamba mwana wa mfalme, Salim, amekalia kiti cha enzi kwa jina la Jahangir. Siku ileile maduka yakafunguliwa.

Baada ya kupona Banarasidas alianza kujihoji. Siku moja alikwenda na rafiki zake kwenye daraja la Gomti, akalitupa mtoni shairi lake la mapenzi. Rafiki zake walisikitika. Yeye alikuwa amefikia uamuzi kwamba mtu aliyetunga uongo mwingi kiasi hicho hana budi kuuacha uende na maji.

5.0 Agra: Mtaji Kuisha na Deni la Kachori

Mwaka wa 1610 Kharagsen alimkabidhi mwanawe bidhaa za kwenda kuuza Agra. Zilikuwamo pete, yakuti, zumaridi na vito vinginevyo, samli, mafuta na nguo zilizofumwa Jaunpur. Sehemu ya mali hiyo ilikuwa ya nyumbani na sehemu ilipatikana kwa mkopo. Banarasidas alifuatana na msafara wa mikokoteni. Karibu na Etawah walikumbwa na dhoruba, na nyumba ya wasafiri ilikuwa imejaa. Alizunguka katika matope hadi walinzi walipomruhusu kujibanza kibandani mwao.

Agra ulikuwa mji mkubwa wa kifalme, wenye wanunuzi wengi na walaghai wengi. Samli na mafuta viliuzwa kwa faida ndogo, na fedha zikapelekwa Jaunpur kwa hundi, yaani kwa waraka ambao mweka fedha wa mji mmoja alimwandikia mwenzake wa mji mwingine amlipe mtajwa. Nguo ziliuzwa polepole. Vito vilimponyoka. Vingine alivifunga katika utepe wa suruali, vikaanguka njiani asijue. Kifurushi cha yakuti kilichukuliwa na panya. Vingine aliwapa watu bila dhamana, wasirudi tena. Baada ya miezi michache hakuwa na mtaji wala nauli, na habari za kufilisika kwake zilimfikia baba yake, zikamtia uchungu mwingi.

Katika hali hiyo Banarasidas alijifungia nyumbani mchana. Usiku aliwasomea majirani hadithi za mapenzi za Madhumalati na Mrigavati, na watu kumi hadi ishirini walikuja kumsikiliza. Chakula alikipata kwa muuza kachori mmoja aliyempa kwa mkopo kila siku. Baada ya muda Banarasidas alimwita faraghani, akamweleza ukweli kwamba hana kitu na hatarajii kupata, hivyo asiendelee kumkopesha. Muuza kachori alimjibu kwamba aendelee kula, hata deni lifike rupia 20. Alikula hivyo kwa miezi kadhaa. Baadaye, mambo yalipopata nafuu kidogo, hesabu ilifanywa, deni likaonekana kuwa rupia 14, naye akalilipa lote.

Kisa hicho kidogo kina uzito mkubwa. Muuza kachori alikuwa miongoni mwa watu wa chini kabisa wa soko. Hakuwa na hati, shahidi wala nguvu ya kumdai mtu wa jamii ya wauza vito. Alichokuwa nacho ni uamuzi wake kuhusu tabia ya mteja aliyethubutu kusema kwamba hana kitu.

Msaada wa pili ulitoka upande wa wakwe. Tarachand, jamaa wa ukoo wa mkewe, alimchukua akakae kwake. Kisha Banarasidas aliingia ubia na kijana aitwaye Dharamdas, kwa mtaji wa rupia 500 uliotolewa na wakubwa wa kijana huyo. Walizunguka masokoni kutwa wakinunua na kuuza lulu na yakuti. Baada ya miaka miwili hesabu zilifungwa. Banarasidas alikuwa amepata rupia 200 na kutumia rupia 200.

Alirudi Khairabad akiwa na aibu. Mkewe alimhoji usiku, akaujua ukweli, akampa rupia 20 alizokuwa ameziweka kwa siri. Kisha alimweleza mama yake, naye akatoa rupia 200 bila kumwarifu yeyote. Kwa fedha hizo za wanawake wawili, ambazo hazikuandikwa katika daftari lolote la biashara, Banarasidas alinunua nguo na lulu akarudi Agra kuanza upya.

6.0 Ubia, Njia na Watawala

Mtu aliyempenda kuliko wote katika biashara alikuwa Narottamdas, rafiki na mbia wake. Walifanya kazi pamoja katika Jaunpur, Banaras na Patna, kwa mtaji wa tajiri wa Agra aitwaye Sabalsingh. Safari za miaka hiyo zilikuwa na hatari. Wakati mmoja Banarasidas na wenzake walipotea msituni, wakajikuta katika kijiji cha wezi. Alimwamkia mkuu wa wezi kwa maneno ya baraka ya Kisanskriti, na mkuu huyo, akidhani kwamba ni Wabrahimini, akawapa mahali pa kulala. Usiku walisokota nyuzi na kuzivaa begani, wakajipaka alama za udongo kwenye paji la uso. Asubuhi mwizi mwenyewe aliwaongoza hadi njia kuu.

Wakati mwingine wasafiri wenzake walibadilisha fedha mjini, na mvunja fedha akawashtaki kwamba sarafu zao ni za bandia. Wakuu wa mji walikuja na askari, na vigingi vya kuwaulia vikaletwa asubuhi. Banarasidas alikumbuka kwamba mdogo wake alikuwa na wakwe katika kijiji cha jirani. Wakwe hao waliposhuhudia kuwa ni watu wa heshima, mashtaka yalifutwa. Kama ilivyokuwa kwa Karamchand na Tarachand, ujamaa ulifanya kazi ambayo sheria haikuifanya.

Watawala nao hawakuwa wa namna moja. Chini Qilij Khan, mwana wa yule liwali aliyewapiga mijeledi wauza vito, alipopewa Jaunpur alimheshimu Banarasidas, akasoma kwake kamusi na kanuni za ushairi. Banarasidas mwenyewe alikamilisha kamusi ya visawe kwa mashairi, Nammala, mwaka wa 1613. Lakini baada ya kifo cha liwali huyo msomi alitumwa ofisa mwingine, Agha Nur, aliyewatesa matajiri na mafundi wa Jaunpur na Banaras. Banarasidas na Narottamdas walijificha hadi alipoondoka.

Narottamdas alifariki mapema. Banarasidas alibaki na huzuni, na pia na hesabu ambazo hazijafungwa. Sabalsingh alikuwa amezungukwa na waimbaji na wacheza ngoma, na kila Banarasidas alipokwenda aliambiwa arudi kesho. Alirudi kwa muda mrefu hadi jamaa mmoja wa tajiri huyo alipoingilia kati, na ubia ukavunjwa kwa maandishi. Katika miaka hiyohiyo, kuanzia 1616, tauni iliingia Agra. Panya walikufa, watu walitokwa na uvimbe na kufa papo hapo, na waganga walikufa pamoja na wagonjwa wao. Wenyeji waliogopa hata kula. Banarasidas alihamia kijijini, akarudi maradhi yalipotulia.

7.0 Fikra za Dini na Uandishi

Jina la Banarasidas katika historia ya dini linatokana na kundi la wafanyabiashara wa Agra waliokutana kujadili asili ya roho. Mwaka wa 1623 alipewa kitabu cha Samayasara cha mwanazuoni Kundakunda, pamoja na ufafanuzi wake. Mafundisho kwamba roho ni kitu tofauti kabisa na matendo ya nje yalimfanya azidharau ibada. Kwa miaka kadhaa yeye na wenzake walizifanyia mzaha ibada hizo, hata wakacheza uchi chumbani wakijiita watawa. Watu walimlaumu, naye alikiri kwamba walikuwa na haki. Mwaka wa 1635 pandit Rupchand alifika Agra, akamwonyesha kwamba ibada na maarifa vina mahali pake kwa kadiri ya hatua ya kila mtu. Mwaka uliofuata Banarasidas alikamilisha Samaysar Natak, utenzi uliowafikishia watu wa kawaida mafundisho ya Kundakunda kwa lugha yao. Mkondo wa mageuzi uliotokana na kundi hilo ulienea baadaye miongoni mwa Wajaini wa madhehebu ya Digambara.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Alioa mara tatu. Habari za kifo cha mke wa kwanza, yule aliyempa rupia 20, zililetwa pamoja na posa ya mdogo wake. Alipata watoto tisa, wavulana saba na wasichana wawili, wote wakafariki. Mwaka wa 1641 alikuwa amebaki na mkewe wa tatu peke yao.

Ndipo alipoandika Ardhakathanaka, kwa beti 675. Jina hilo lina maana ya nusu ya hadithi, kwa sababu alikuwa na umri wa miaka 55, na umri kamili wa mwanadamu ulihesabiwa kuwa miaka 110. Mwishoni alipanga sifa zake njema upande mmoja na kasoro zake upande mwingine, kama mtu anayefunga daftari la mapato na matumizi. Alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka wa 1644 Jagjivan, mmoja wa wafuasi wake, alikusanya tungo zake ndogo katika Banarasi Vilas. Ardhakathanaka yenyewe ilisomwa katika miswada kwa karne tatu kabla ya kuchapwa mwaka wa 1943.

8.0 Hitimisho

Banarasidas hakuacha utajiri wala kizazi. Kwa kipimo cha soko la Agra alikuwa mfanyabiashara aliyeshindwa, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Lakini kwa kuwa aliandika kila hasara, aliandika pia kila mkono uliomnyanyua: Karamchand aliyetoa nyumba, kinyozi aliyeponya vidonda, muuza kachori, wakwe wa kijijini, mke na mama mkwe. Ukiondoa watu hao, hundi isingelipika na msafara usingefika. Serikali ya Wamughal ilijenga barabara na nyumba za wasafiri, na ilitoa sarafu nzuri za fedha. Hata hivyo liwali mmoja aliweza kuutawanya mji wa wauza vito kwa usiku mmoja, na waliouwezesha mji huo kukusanyika tena ni watu waliokubali kukopeshana na kulipana bila kulazimishwa na dola.

Umuhimu wa tawasifu hii kwa utafiti wa fasihi unafungamana na jambo hilohilo. Mtu aliyezoea kuaminiwa kwa neno lake alitambua kwamba msomaji naye ni mdai, anayestahili kuonyeshwa hesabu yote, hasara pamoja na faida.